Marike Hakuwa Mkwe Wetu

Marike hakuwa mkwe wangu. Hakuolewa na mwanangu Andongwisye, hakuzaa naye, wala sikumfukuza nyumbani kwangu akiwa na mimba. Aliondoka Ikinga mwezi wa pili mwaka 1998 kwa sababu miaka yake miwili ya kujitolea ilikuwa imekwisha. Alipanda gari mchana kweupe, na nusu ya kijiji ilimsindikiza ikiimba.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita, msibani, jeneza likiwa bado halijatolewa ndani, nilimsikia mwanamke mwenye wajukuu akimnong'oneza mwenzake huku akinielekezea kidevu: "Yule ndiye aliyekuwa na mkwe Mzungu, akamfukuza na tumbo lake." Miaka kumi na sita imepita. Watu wamezeeka, wameota mvi, na bado uchafu ule ule umo midomoni mwao. Niliiacha hata chai ya msiba. Basi nitaueleza mkasa wote mara moja.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisoma shule ya kati ya wasichana wakati wasichana wa Ileje waliokuwa wakisoma walihesabika, nikasomea ualimu, nikafundisha miaka thelathini na mmoja. Mume wangu, marehemu Alinanuswe, alikuwa mwalimu mkuu, na alifariki mwaka 1991. Nyumba aliyoniachia ni ya matofali ya kuchoma, ina vyumba vinne na dirisha la kioo kila chumba. Ndiyo sababu ofisi ya kata, ilipotafuta pa kumweka mgeni kutoka Uholanzi, ilikuja kwangu. Sikuomba. Wanaosema nilimtega Mzungu ili nipate mali, wakamuulize aliyekuwa mtendaji wa kata wakati ule. Bado yu hai.

Marike alikuwa na miaka ishirini na mitano, mrefu hadi ainame mlangoni. Kazi yake ilikuwa kukisaidia kijiji kujengea chemchemi zake tatu, ili watu wapate maji safi. Kiswahili alikuwa amefundishwa Morogoro kwa wiki sita, na siku ya kwanza alinisimamisha uani akasema, "Mama, mimi ninapenda sana choo yako." Nilimjibu kwamba ni choo chako, na kwamba kwetu mtu hasifii choo. Aliandika yote mawili kwenye daftari.

Siwezi kusema alikuwa malaika. Alikuwa akipenga kamasi kwenye kitambaa, anakikunja vizuri, anakirudisha mfukoni, na kwa mkono ule ule anakusalimu. Siku moja alimpa mbwa sahani yangu airambe, ati mbwa naye ale. Niliichukua sahani ile mbele yake nikaitupa shimoni. Hakukasirika. Alisema, "Samahani, Mama, sitarudia," na hakurudia. Kuna watu niliowafundisha miaka saba ambao hawakuniambia hivyo hata mara moja.

Aliamka kabla yangu. Alichota maji, akayachemsha, akala kiporo cha viazi bila kulalamika, kisha akatoka na jembe begani. Na hapa niseme wazi kinyaa changu hasa kilikuwa wapi. Chemchemi ya chini, ambayo nusu ya kijiji ilikunywa maji yake, ilikuwa dimbwi. Nguruwe walilala pembeni yake. Wanawake walifulia nepi juu yake, na maji ya nepi yakateremkia humo humo. Juu zaidi, kwenye matete, watoto walikuwa wakijisaidia, na wazazi wao wanajua. Siku ya kwanza ya kazi Marike aliingia mle hadi magotini, akatoa tope kwa mikono, akatoa na panya aliyevimba. Wenye chemchemi yao walisimama ukingoni wameziba pua wakicheka. Hao waliocheka ndio hao hao ambao baadaye walikuwa na mengi ya kusema juu ya nyumba yangu.

Sasa nije kwa shemeji yangu Mbonile. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na shamba la kahawa tu. Baada ya msiba yeye ndiye aliyesimama kama baba wa Andongwisye. Mambo ya posa, ndoa na makaburi yalikuwa yake. Tena alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa hiyo kazi ya Marike ilikuwa chini yake.

Kwetu Wandali mke haonani na baba mkwe wake. Hamsalimii, halitaji jina lake, hali mbele yake. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia, anaingia shambani au anageukia ukingo na kujifunika kichwa mpaka mzee apite. Mzee naye, akiwa muungwana, hukohoa mapema ili mkwe ajue. Ni heshima kubwa, na ni ya watu hao peke yao. Binti wa mzee hajifichi, jirani hajifichi, mimi shemeji yake sijifichi.

Marike alikwenda chemchemi kila asubuhi pamoja na Marta na Elina, wake wa wana wawili wa Mbonile. Akaona kila mzee yule anapotokea, wenzake wanatupa ndoo na kupotelea kwenye mibuni. Kama angetazama vizuri, angeona kwamba Happy, binti yake Mbonile, anabaki njiani na kumwomba baba yake ndizi. Lakini hakutazama vizuri. Aliona wanawake wawili wanafanya jambo, akaamua kwamba wanawake wa Ikinga hufanya hivyo. Naye, kwa kuwa alitaka sana kuwa na adabu, akaanza kujificha.

Elina alinisimulia baadaye, akiwa ameinamisha kichwa. Siku ya kwanza walishangaa. Siku ya pili Marta akaona ni mchezo.

"Dada, kimbia! Baba mkwe huyo!"

Marike akatumbukia kwenye mibuni na urefu wake wote, matawi yakavunjika.

"Amepita?"

"Bado, inama! Kisogo chako kinaonekana mpaka Malawi."

"Sasa?"

"Sasa toka. Umeheshimu vizuri, mkwe wetu."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Marike naye akacheka, maana alidhani amesifiwa. Neno mkwe hakulijua. Alidhani Baba Mkwe ni jina la mzee, kama mtu anavyoitwa Baba Amani au Baba Neema, na akaliandika hivyo kwenye daftari lake.

Mtaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa shuleni tangu asubuhi hadi jioni. Mara moja nilimwona kwa mbali akiruka kutoka njiani na kuchuchumaa kwenye mibuni, nikageuza uso haraka. Nilidhani ameshikwa na haja. Jioni nilimkumbusha kwa upole kwamba choo kipo, tena anakipenda. Alinitazama bila kuelewa.

Kisha ukaja mkutano wa kijiji wa kuchagua mafundi wa chemchemi. Mimi nilikuwa Isongole kwenye semina ya akina mama wa kanisa. Marike alisimama mbele ya watu zaidi ya mia mbili, akasoma majina ya kamati kutoka kwenye daftari lake: fulani, fulani, "na mwenyekiti wetu, Baba Mkwe." Mkutano ukaangua kicheko. Mbonile akainuka kuzungumza, na hapo Marike akavuta kitenge kichwani, akawapa watu mgongo, akasimama ameutazama ukuta mpaka mzee alipomaliza. Kuanzia saa ile kijiji kizima kilikuwa na habari: Andongwisye amemwoa Mzungu kwa siri, na Mwalimu Getruda, yaani mimi, anajua.

Andongwisye alikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha Tunduma. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi na mkate na sabuni, akamsalimu Marike, akamrekebishia redio, akarudi kazini. Zaidi ya hayo hakuna mtu aliyeona kitu, maana hakukuwa na kitu cha kuona. Tena alikuwa amekwisha kumposa Angel, muuguzi, binti wa Mzee Amoni wa Nanyala. Posa ilikuwa imepokewa, na harusi ilipangwa mwezi wa tisa. Hilo ndilo lililokuwa hatarini: ndoa ya mtoto wangu wa pekee, na jina la baba yake ambaye hakuwepo kulitetea.

Habari ilifikishwa Nanyala na Enesi. Tuliimba naye kwaya moja miaka kumi na minne, tukila meza moja kwenye makongamano. Alikwenda Nanyala kumtembelea mwanawe, akapita kwa Mzee Amoni bila kualikwa, akakaa, akanywa soda ya watu, akatema yote. Aliporudi alikaa karibu nami kwenye benchi la kwaya na kushirikiana nami kitabu cha nyimbo. Hata sasa nikiukumbuka ule mkono wake unafungua ukurasa, nataka kunawa.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi kali, Mzee Amoni alifika na dada yake Ketrina, na Angel mwenyewe. Andongwisye alikuwa nyumbani. Niliwaweka uani penye jua, nikaleta chai. Hawakuigusa.

"Mwalimu," alisema Mzee Amoni, "mimi si mtu wa kuzunguka. Tumesikia nyumba hii ina mkwe tayari."

"Mkwe yupi, mzee?"

"Huyo mgeni wako," akadakia Ketrina. "Mtoto wetu haji huku kuwa mke wa pili nyuma ya Mzungu. Kama mlitaka ngozi nyeupe mngesema mapema, tusingepoteza muda."

"Shangazi," alisema Andongwisye, "nakuapia..."

"Wewe nyamaza. Waapaji tumewaona wengi."

Nilieleza kwamba Marike ni mgeni wa kijiji, amewekwa na kata, na chumba chake kinatazamana na changu. Nikamtuma Happy akamwite Mbonile, aje kama baba asimamie neno la mwanawe. Nilijiona nina akili sana.

Mbonile alikuja akipitia shambani. Wakati huo huo Marike na Marta walikuwa wanaingia uani kutoka chemchemi, kila mmoja na ndoo kichwani. Mbonile akakohoa. Nawaambia alikohoa, kwa makusudi, kama anavyokohoa kwa wakwe zake. Ndoo mbili zikaenda chini. Maji yakafika miguuni kwa Ketrina. Marta akatokomea nyuma ya jiko, na Marike, amejifunika kitenge uso mzima, akakimbilia kwenye mibuni na kugonga kichanja cha kuanikia kahawa njiani.

"Haya," alisema Ketrina akiinua miguu. "Mlitaka tuonyeshwe nini tena?"

Angel alisimama. Hakulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

"Marike!" niliita. "Toka humo!"

Sauti ikajibu kwenye majani: "Siwezi, Mama! Baba Mkwe yupo!"

Nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta amechuchumaa, ana majani kichwani na goti linatoka damu. Nikamwuliza kama anajua baba mkwe ni nini.

"Ni jina lake."

"Jina lake ni Mbonile. Baba mkwe ni baba wa mume wako."

"Mimi sina mume."

"Hilo ndilo watu wanataka kujua."

Kisha wekundu ukaanza shingoni ukapanda mpaka masikioni, na akasema maneno ya kwao ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Nilimshika mkono nikamtoa. Alisimama mbele ya wageni, akawaambia kwa Kiswahili chake kwamba hana mume Tanzania wala Uholanzi, kwamba alidhani wanawake wote huku humheshimu mzee hivyo, na kwamba anaomba radhi kwa Angel.

Mzee Amoni alianza kulegea. Ketrina hakulegea.

"Maneno hata kasuku anayo. Kama si mkwe, ampe mzee mkono. Tumwone."

Lilikuwa neno la haki. Hata Wanyiha wa Nanyala heshima hiyo wanaijua, na hakuna mkwe ambaye angethubutu kumgusa baba mkwe mbele ya watu. Nikashukuru moyoni, nikamgeukia Mbonile. "Shemeji, mpe mgeni mkono tumalize."

Akatazama chini. "Siwezi, shemeji."

"Huwezi nini?"

"Huyu ni mkwe. Kijiji chote kinajua."

"Wewe unajua kwamba Andongwisye hakumwoa?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Akajikuna shingo. "Lakini shemeji, nielewe. Pale kilabuni wameshanizoea. Nikiingia wanasema, mpisheni baba mkwe wa Ulaya. Leo nimshike mkono, kesho niwaambie nini?"

Nimefundisha watoto wezi, nimezika watu waliooza, nimeona tope la ile chemchemi. Sijawahi kuchukizwa kama nilivyochukizwa na mwanaume yule. Kila siku alipita njia ya chemchemi makusudi. Alikohoa makusudi. Akamwacha mtoto wa watu aruke ndani ya miti kama mbuzi, akaliacha jina la kaka yake liburuzwe, kwa sababu ya kata moja ya pombe ya komoni na watu wa kumsogezea benchi.

Nilimwita kwa jina lake tupu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niolewe. "Mbonile. Alinanuswe alikulea. Mtoto wake anapoteza mke hapa, na wewe unaililia pombe."

"Mwalimu, usinidhalilishe mbele ya wageni."

"Nikudhalilishe? Umebakiza nini cha kudhalilishwa?"

Andongwisye alipiga hatua kumwendea baba yake mdogo, na uso wake haukunipendeza. Lakini Marike alimtangulia. Alitoa majani kichwani, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaenda moja kwa moja hadi mbele ya Mbonile. Akamnyooshea mkono wake uliojaa udongo.

"Shikamoo, Mzee Mbonile."

Nyuma ya jiko Marta alipiga yowe, kisha akaziba mdomo. Jina! Mkwe hawezi kulitaja jina lile hata akiwa peke yake chumbani, na huyu amelitamka mbele ya uso wa mwenyewe, kwa sauti, na sote tunasikia. Mbonile alirudi nyuma nusu hatua. Alinitazama mimi, akamtazama Amoni, akautazama mkono. Hakuna mzee nchi hii awezaye kupewa shikamoo na kukaa kimya. Mdomo wake wenyewe ulikataa kumsaidia.

"Marahaba," alisema, karibu hatukumsikia.

Marike aliuchukua mkono wake, akautikisa mara mbili kama wafanyavyo kwao, akauachia. Kisha akaenda kuokota ndoo.

"Basi," alisema Mzee Amoni. "Huyu si mkwe wa mtu." Akavuta kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa, na aliinywa yote. Ketrina alinung'unika kwamba viatu vyake vimelowa, nikajua amekubali.

Angel hakuketi. "Baba, nyie mmeridhika. Mimi nataka kumwuliza Andongwisye mwenyewe." Wakaingia sebuleni wao wawili, mlango ukafungwa. Walipotoka, Angel aliomba chai.

Harusi ilifanyika mwezi wa tisa kama ilivyopangwa. Mbonile alikaa mahali pa baba, na hotuba yake niliiandika mimi, neno kwa neno, ili asipate nafasi ya kuongeza lake. Marta na Elina waliniomba msamaha. Elina nilimsamehe siku hiyo hiyo, Marta ilinichukua mwaka. Enesi hakuniomba, nami nikahamia benchi jingine. Marike alimenya ndizi za harusi tangu alfajiri, akamaliza chemchemi zote tatu mwaka uliofuata, na maji yale bado yanatoka. Wanaomsema ndio wanaoyanywa.

Watu kumi na zaidi walichungulia kupitia ukuta wa matete siku ile ya uani. Waliona kukimbia na waliona kupeana mkono. Wakaenda kutangaza kukimbia tu. Kupeana mkono hakukuwa na ladha midomoni mwao. Mimba waliiongeza baadaye, kila mmoja na mwezi wake.

Sasa kuna wanaotaka pia kujua Angel aliuliza nini mle sebuleni, na mwanangu alijibu nini. Mmoja aliwahi kunijia na zawadi ya mayai ili nimwambie. Mayai nilimrudishia. Maneno yale ni ya mke na mume, nami siyasemi, wala sitajibu swali jingine lolote kuhusu jambo hili.